Kutoka Feri Hadi Coco kwa Miguu

Kwa sensa ya mwaka 2022 Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao wanaishi mbali na maji. Kwa mtu wa Gongo la Mboto au Kimara, bahari ni jambo la Jumapili na sikukuu. Leo nazungumzia njia ya pwani inayoanzia soko la samaki la Feri, ikafuata Barabara ya Barack Obama, ikavuka Daraja la Tanzanite na kuishia Coco Beach. Nasema wazi: hakuna bustani ya umma katika jiji hili inayoifikia, na anayeitumia kwa miguu ndiye anayefikiriwa mwisho.

Ukitaka kuielewa, ianze Feri alfajiri, mnada ukiwa umepamba moto. Changu, kolekole na jodari wamemwagwa mezani, dalali anapandisha bei, huku mafuta yakichemka kwenye makarai ya wakaanga samaki. Hatua chache kutoka hapo ni kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kivukoni. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016, mama wa Kimara anaweza kupanda basi moja na watoto wake na kushuka bahari ikiwa mbele yake. Kwa maoni yangu hilo limewasogezea watu pwani kuliko hoteli yoyote iliyojengwa kandokando yake.

Ukishaipita Ikulu ya Magogoni utaikuta hospitali ya Ocean Road. Wajerumani waliijenga mwaka 1897, enzi ambazo daktari Robert Koch alikuwa mjini hapa akichunguza malaria. Sasa ni taasisi ya saratani inayopokea wagonjwa kutoka nchi nzima, na hapa naomba tusimame kidogo. Matibabu ya mionzi huchukua wiki nyingi. Ndugu aliyemleta mgonjwa kutoka Kigoma au Songea hana nyumba Dar, na saa zake za kusubiri ni ndefu. Anavuka barabara, anatafuta kivuli cha mvinje, anakaa juu ya mzizi au juu ya ukuta wa bahari. Ukuta ule ulijengwa upya baada ya mawimbi kula kingo za barabara, na ni kazi njema. Lakini mtu huyu anahitaji benchi lenye kivuli, bomba la maji na choo safi. Tukiwajali watu wa namna hii kwanza, wakimbiaji wa asubuhi na wapiga picha za harusi nao watakuwa wamehudumiwa.

Ukichepuka kushoto, mwendo mfupi tu, kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Humo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Mzazi anayewaleta watoto kuogelea angeweza kuwapitisha hapo siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba ukiwa ufukweni huoni kibao kinachokuonyesha njia ya kwenda huko.

Kisha daraja. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Machi 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili. Ukiwa juu yake unaiona bahari upande mmoja, na upande wa pili mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi. Mto huo unabeba taka za mji mzima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, ila chupa bado zinateremka na kila mvua, na maji yakijaa zinarudishwa mchangani. Kwa hiyo usafi wa ufukwe huu unaanzia Jangwani na Tandale, kwenye mitaro yetu. Fagio la Coco peke yake halitoshi.

Na Coco yenyewe! Mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, mishikaki, madafu, watoto wanaelea kwenye tyubu za magari. Pwani hii inatazama mashariki, hivyo jioni jua linazama nyuma yako na joto linapungua mapema. Siku ya mwezi mpevu unauona ukitoka majini. Eneo hili limewahi kugombaniwa hadi mahakamani, na nashukuru kwa moyo wote kwamba limebaki la umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira, na kila mkazi anapaswa kuijua. Muuza mihogo naye ni sehemu ya mahali hapa. Maboresho yoyote yanayomwondoa ili kuleta mgahawa wa bei kubwa yatakuwa yamemfukuza na mteja wake.

Kwa nini basi njia hii haijaunganishwa? Moja ya sababu ni mipaka. Upande wa Feri uko chini ya Halmashauri ya Jiji, Coco iko Manispaa ya Kinondoni, na daraja lililo katikati lilijengwa chini ya wakala wa barabara, TANROADS. Kila mmoja anashughulikia kipande chake. Mtembeaji anakuta lami nzuri mahali fulani, hatua chache mbele anasukumwa barabarani na magari yaliyoegeshwa juu ya njia yake.

Ninachoomba ni mpango mmoja wa pamoja wa taasisi hizo: njia ya miguu isiyokatika, miti ya kivuli, taa, vibao, vyoo na maji. Pa kuanzia ni mbele ya Ocean Road, maana pale ndipo penye shida kubwa zaidi. Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na mikutano ya mabaraza ya madiwani iko wazi kwa wananchi. Wewe unayenisikiliza Ilala au Kinondoni, mtafute diwani wako kabla ya kikao cha bajeti, umwulize choo cha umma kitajengwa lini na wapi.