Saumu na Deni la Mbuzi



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Wazee wangu, mama zangu na nyinyi vijana, leo tuzungumze juu ya biashara. Usiseme huyu ametoka nje ya mada, huu ni mwezi wa ibada. Fungua Suratul Baqara. Aya za saumu ni kuanzia 183 mpaka 187. Inayofuata, ya 188, inasema nini? Inatukataza kula mali ya wenzetu kwa batili. Yaani mchana umejizuia na maji yako mwenyewe ya halali kwa ajili ya Allah, halafu jioni ufuturu kwa pesa za mwenzio?

Hapa Kiamaiko sote tunajua riziki yetu iko wapi. Mbuzi wanakuja kwa malori kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, wanachinjwa hapa, nyama inakwenda kwenye mabucha na mahoteli ya Nairobi. Kwa lori moja anakula mfugaji, dereva, dalali, mchinjaji, kijana anayechuna, na mama anayeuza matumbo na vichwa. Na mara nyingi mbuzi hutolewa kwa mdomo tu: "Chukua, utanilipa wiki ijayo." Mtaji hapo ni amana.

Sasa mtu mmoja akizima simu inakuwaje? Aliyeleta mbuzi anakwama mjini. Mfugaji kule anakosa karo ya watoto. Safari ijayo hatoi mbuzi kwa deni, anataka pesa mkononi. Na kijana mwaminifu asiye na mtaji anafungiwa mlango kwa kosa la mwingine.

Nitasema langu. Nikiwa kijana nilichukua mbuzi kwa mzee mmoja, nikala pesa, nikawa namwambia kesho, kesho. Ilikuwa Ramadhan. Mimi naswali tarawehe safu ya mbele, yeye yuko nyuma yangu anangoja nauli ya kwenda nyumbani Idd. Hakunitukana. Alikuwa akinisalimia tu. Nilimlipa baadaye, lakini Idd ile sikuweza kumrudishia.

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Sasa sisi tunaliona deni ni kitu kidogo?

Tufanyeje? Kwanza, tuandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandikiana si kuvunjiana heshima.

Pili, aliyebanwa kweli apewe muda. Lakini mwenye nazo anayemzungusha mwenzake, Mtume (S.A.W.) ameita jambo hilo dhuluma.

Tatu, zaka. Mfanyabiashara, piga hesabu ya thamani ya mbuzi wako wa kuuza na pesa ulizonazo. Zikifika nisabu na mwaka ukitimia, kila shilingi 40 toa 1. Kwenye 2,000,000 ni 50,000. Usizitawanye zote mia mia mlangoni pa msikiti. Imam Nawawi, katika madh'hab yetu ya Shafi, ameeleza kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya kazi yake. Mpe kijana mmoja visu na mizani, au mama mmoja sufuria za kupikia supu. Inshallah mwaka ujao hatapanga foleni ya kupokea.

Mwisho, kabla mwezi wa Idd haujaandama, chukua simu umpigie anayekudai. Kama unazo, mlipe. Kama huna, mwambie ukweli na umtajie siku. Kumkimbia ndiyo haifai.

Allah atukubalie saumu zetu na atubarikie katika riziki zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.