NYWELE ZA KUSHONEA ZISINYONYOKE

Mazungumzo na vijana wanaojifunza ususi na akina mama wa mtaa wa Jericho, Nairobi

Sisi ni wasusi wa hapa hapa Eastlands, na leo tumekuja na jambo moja tu: nywele za kushonea ambazo zinanyonyoka kabla ya wakati wake.

Pengine mtu atauliza, sasa hilo ni jambo la maendeleo kweli? Ndiyo, tena sana. Mama akipokea zamu yake ya chama na kununua nywele za binadamu, hizo ni pesa nyingi. Wiki mbili zikipita na kichana kimejaa nywele, mama atamlaumu msusi, msusi atalaumu duka, na duka halirudishi pesa. Mwishowe msichana aliyeanza kazi juzi ndiye analipa, au anapoteza mteja pamoja na marafiki wote wa mteja. Kwa hiyo afadhali tujue chanzo.

Kwa nini zinanyonyoka?

Nywele hizi zimeshonewa kwenye utepe mwembamba. Kuna tepe za mashine na kuna zile zinazofungwa kwa mkono. Unywele hauna mzizi pale. Unashikwa na uzi tu, na mara nyingine gundi kidogo. Uzi ukilegea, unywele unatoka.

Mafundi wa nguo wa soko la Jericho wanalijua jambo hili vizuri. Ukikata kitambaa bila kupiga ovaloki, kinafumuka pale ulipokata. Utepe wa nywele ni vivyo hivyo. Kila mahali mkasi unapopita, uzi umekatwa, na hapo ndipo nywele zinaanza kutoka. Sindano nayo ikitoboa utepe katikati inaweza kukata ule uzi unaoshika nywele.

Kabla ya kushona

1. Kagua nywele mteja akiwa amekaa hapo. Pitisha vidole kutoka juu hadi chini mara tatu au nne. Zikitoka chache, ni zile zilizokuwa zimelegea. Zikiendelea kutoka kila ukipitisha, mwambie mteja mapema, kabla hujashika sindano. Maneno haya yakisemwa mwanzo ni ushauri, yakisemwa baada ya wiki mbili ni ugomvi.

2. Ziba utepe. Tandaza utepe kwenye karatasi, upake gundi maalum ya kuzibia utepe, mstari mwembamba, upande mmoja kisha wa pili. Usiguse nywele zenyewe. Acha ikauke kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, uone kama inabaki laini. Ile gundi kali ya kubandikia viatu na vyombo usitumie! Ikikauka inakuwa ngumu kama kijiti, inachoma kichwa, halafu inavunjika.

Wakati wa kushona

3. Usikate utepe kama unaweza kuukunja. Ukifika mwisho wa tuta, kunja, urudi. Kama ni lazima kukata, ziba hapo ulipokata. Utepe uliofungwa kwa mkono usikatwe kabisa, kwa sababu unafumuka.

4. Usitoboe utepe. Sindano iliyopinda ipite chini ya tuta, na uzi uzunguke utepe wote, kama mtu anayefunga mzigo. Inachukua muda zaidi, lakini kazi inadumu.

5. Usikaze matuta mpaka mteja ashindwe kulala. Nywele za dukani zinanunuliwa tena. Lakini ngozi ya kichwa ikivutwa miezi na miezi, hasa hapa mbele na kando ya masikio, nywele zake mwenyewe zinaweza kukatika zisiote tena.

Nyumbani

6. Chana kutoka ncha ukipanda juu, kwa kichana chenye meno mapana, na mkono mwingine ushike pale karibu na utepe ili usivutike. Usichane nywele mbichi kwa nguvu.

7. Kuosha, tunajua taabu ya maji ya mgao. Hata hivyo usizitumbukize kwenye beseni na kuzisugua kama sweta. Mwaga maji kutoka juu kwenda chini, shampuu kidogo, suuza mpaka povu liishe. Kondishona na mafuta yakae katikati na kwenye ncha, yasifike kwenye utepe, kwa maana yanalegeza gundi. Kisha kausha matuta vizuri. Utepe ukikaa na unyevu unanuka na uzi unachakaa.

8. Usiku funga kitambaa cha satini. Mto wa pamba unasugua nywele na kuzifunga mafundo.

Swali linaloulizwa sana

Wengi hushtuka siku ya kufumua: "Jamani, nywele zangu zimeisha!" Tulia kwanza. Mtu mzima hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na hilo ni jambo la kawaida. Ukikaa na nywele za kushonea wiki 8, hizo ni siku 56. Hata kwa hesabu ya chini, nywele 2,800 zimetoka na kubaki ndani ya matuta. Ndizo hizo unaziona kwa pamoja. Unywele uliotoka kichwani mwako mara nyingi una kidoti cheupe kwenye mwisho wake, ule wa utepe kwa kawaida hauna. Lakini ukiona upara, vipele au maumivu, usishone tena juu yake. Nenda kliniki.

Na wiki 8 zinatosha. Anayekaa nazo miezi minne ili pesa yake irudi, anapoteza kichwa na utepe pia.

Mapatano

Tunawaomba vijana mfanye hivi kuanzia kesho: kagueni nywele mbele ya mteja, andikeni kwenye daftari mlivyozikuta, na mteja aone mlichoandika. Bei ya kuziba utepe itajwe kabla ya kazi, isiongezwe baadaye. Mteja naye akubali kurudi kuoshwa kila baada ya wiki mbili. Hivyo msusi atalipwa haki yake, na mama hatalia juu ya pesa za chama.

Mwenye nywele alizokuja nazo leo, azilete hapa mbele tuzikague pamoja.