Glavu Iliyoshonwa Nyumbani: Hotuba kwa Vijana Kuhusu Mashindano ya Ubunifu wa Anga



Wengi hudhani teknolojia ya anga za juu ni kazi ya mataifa tajiri na kampuni kubwa pekee. Lakini yuko mhandisi mmoja aliyeifanyia nyumbani kwake, kwa cherehani.

Mwaka wa 2005, shirika la anga la Marekani, NASA, lilianzisha mashindano ya zawadi yaitwayo Centennial Challenges. Utaratibu wake si kama wa zabuni. Katika zabuni, kampuni huchaguliwa kwanza, kisha ikalipwa kwa kazi. Katika mashindano haya, shirika hutangaza tatizo, masharti na zawadi. Anayeleta kifaa kilichofaulu majaribio ndiye hulipwa.

Tatizo mojawapo lilikuwa glavu ya mwanaanga. Huko juu hakuna hewa, kwa hivyo vazi lake hujazwa hewa ndani. Glavu ikijaa hukakamaa kama tyubu ya baiskeli iliyotiwa upepo. Kila anapokunja vidole, mwanaanga hupambana na msukumo huo, na mikono huchoka na hata kuumia.

Peter Homer, mkazi wa jimbo la Maine, hakuwa na ajira wakati huo. Alishona glavu yake kwenye meza ya kulia chakula. Mwaka wa 2007 alishinda dola 200,000.

Hata hivyo, ukweli wote usemwe. Zawadi humlipa mshindi. Aliyeshindwa hubeba gharama zake mwenyewe. Mwaka huo huo, Ted Southern, fundi wa mavazi ya maonyesho kutoka New York, na Nikolay Moiseev, mhandisi Mrusi wa mavazi ya anga, walishindana kila mmoja kivyake na wakaondoka mikono mitupu. Lakini walikutana hapo, wakaamua kushirikiana. Mwaka wa 2009 Homer alishinda tena, dola 250,000, naye Southern akapata nafasi ya pili na dola 100,000. Baadaye Southern na Moiseev wakafungua kampuni ya kutengeneza mavazi ya anga.

Wakenya si wageni katika safari hii. Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Ngomeni, karibu na Malindi. Aprili 15, 2023, Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa kutoka California.

Kwa hivyo vijana, mkisikia mashindano ya ubunifu, someni masharti yote kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mengine huwa ya raia wa nchi inayoyaandaa tu. Andikeni gharama, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kijaribuni kifaa chenu hadi kivunjike nyumbani, kisivunjike mbele ya majaji. Na mkishindwa, msirudi nyumbani kabla ya kuzungumza na washindani wenzenu.

Nanyi wazazi, mtoto anayefumua redio ili aone kilichomo ndani asipigwe. Aulizwe ameona nini, kisha asaidiwe kuirudisha.