Mzigo wa Ushahidi Anapofukuzwa Mfanyakazi: Sheria ya Kazi ya Marekani kwa Aliyetoka Afrika Mashariki



Waliowahi kuajiriwa Nairobi au Dar es Salaam huja Marekani na mazoea ya nyumbani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa analodaiwa kufanya, kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kesi ikifika mahakamani, mwajiri ndiye anayethibitisha sababu ya kumwachisha kazi. Sheria ya Tanzania ya 2004 nayo imemtwika mwajiri mzigo huo. Hapa Marekani mzigo umehamia kwa mfanyakazi, na asiyelijua hilo hupoteza haki hata pale alipokuwa nayo.

Karibu katika kila jimbo, ajira isiyo na mkataba wa muda maalumu huhesabiwa kuwa ajira ya ridhaa: upande wowote unaweza kuivunja saa yoyote, bila notisi wala maelezo. Kanuni hii haikuanzia bungeni. Mwanasheria Horace Wood aliiandika katika kitabu chake cha 1877, na wasomi waliokuja kuzipitia kesi alizozitaja waliona kwamba hazikumuunga mkono. Hata hivyo mahakama ziliikumbatia. Mwaka 1884, huko Tennessee, kampuni ya reli ilitangaza kwamba mfanyakazi atakayenunua kwenye duka la mfanyabiashara mmoja, Payne, atafukuzwa. Payne alishtaki, akashindwa. Mahakama ilishikilia kwamba mwajiri anaweza kufukuza kwa sababu njema, mbaya, au bila sababu yoyote. Montana ndilo jimbo lililojitenga na kanuni hiyo, kwa sheria ya 1987.

Lakini kufukuza bila sababu ni jambo moja, na kufukuza kwa sababu iliyokatazwa ni jambo jingine. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamzuia mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumfukuza mtu kwa ajili ya rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Lafudhi yetu imo humo: msimamizi hawezi kuifanya kisingizio ikiwa haizuii kazi kufanyika. Sheria ya 1935 kuhusu mahusiano ya kazi, ambayo wengi hudhani ni ya wanachama wa vyama tu, inawalinda pia wafanyakazi wawili wa ghala wasio na chama wanaoulizana wanalipwa dola ngapi kwa saa. Nimekutana na watu waliokatazwa mazungumzo hayo kwa maandishi, wakatii. Mahakama za majimbo nazo zimeongeza kinga nyingine: mwaka 1959 mahakama ya rufani ya California ilikataa mtu afukuzwe kwa kukataa kudanganya chini ya kiapo.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Mwajiri hatasema amekufukuza kwa sababu ya hijabu, atasema ulichelewa. Kazi ya kuonyesha kwamba wengine walichelewa na hawakuguswa ni yako. Kwa hiyo andika tarehe, zamu, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo, tena siku ileile, kwenye daftari lako au simu yako mwenyewe, kwa sababu barua pepe ya kampuni hufungwa kabla hujafika kwenye maegesho ya magari. Malalamiko kwa msimamizi yawe ya maandishi, na utaje ubaguzi kama ubaguzi. Ukisema tu "hanitendei vizuri", hujajiwekea kinga dhidi ya kulipiziwa kisasi.

Muda nao hausubiri. Malalamiko ya ubaguzi hupelekwa katika tume ya shirikisho ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo lenyewe lina chombo cha kushughulikia ubaguzi huo. Yanayohusu mazungumzo ya mishahara yana miezi 6. Aliyefukuzwa kwa kuripoti hatari kazini ana siku 30 tu chini ya sheria ya shirikisho ya usalama kazini, na wengi huzimaliza wakitafuta kazi nyingine.

Mwisho, zile karatasi za siku ya kuondoka. Ukipewa hundi ya ziada pamoja na fomu ya kusaini, mara nyingi unauza haki ya kushtaki. Usisaini papo hapo. Mwenye miaka 40 au zaidi, akiombwa aachie madai ya ubaguzi wa umri, lazima apewe angalau siku 21 za kufikiri, 45 ikiwa wanaopunguzwa ni kundi, na siku 7 za kubadili nia baada ya kusaini.