Je, Nimnunulie Mtoto Mashine ya Gemu?

Kama una mtoto wa shule hapo karibu, mwite asikilize pia, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu.

Shule zikifungwa, hasa mwezi wa Desemba, wazazi wengi huulizwa swali moja: "Mama, utaninunulia gemu?" Mtoto ameiona kwa jirani au kwa binamu yake aliyetoka mjini. Ni ile mashine ndogo ya kushika kwa mikono miwili, yenye kioo katikati na vidude vya kubonyeza pande zote. Anaitaka, na wewe mzazi hujui useme nini. Mmoja anakuambia gemu hupofusha macho. Mwingine anakuambia mtoto wa siku hizi asiyejua gemu ameachwa nyuma. Leo tutatazama ukweli uko wapi, ndipo uamue mwenyewe.

MASHINE HIZI NI ZIPI?

Mashine za gemu za mkononi si jambo geni. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy mwaka 1989, na tangu hapo zimetoka nyingi. Nintendo Switch ilitoka mwaka 2017, na Switch 2 ikafuata Juni 2025. Switch 2 ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa karibu dola 450. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni zaidi ya shilingi 58,000, kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Gemu moja ya kuchezea humo, Mario Kart World, iliuzwa dola 80, yaani shilingi 10,400 kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa hivyo kununua mashine ni mwanzo tu wa gharama.

Ziko pia mashine rahisi za kutumia betri, zenye gemu nyingi ndani na zisizounganishwa na intaneti, na ziko zile za mitumba. Tutakayosema leo yanahusu zote, na yanahusu pia simu yako, kwa maana watoto wengi huchezea gemu humo.

JE, GEMU HUPOFUSHA MACHO?

La, gemu haimpofushi mtoto. Lakini kuna mambo mawili ya kweli kuhusu macho.

La kwanza, mtoto anapokodolea kioo macho husahau kupepesa. Macho hukauka, huwasha, hugeuka mekundu, na kichwa kinaweza kuuma. Dawa yake ni kupumzika. Kila baada ya dakika 20, mwambie atazame kitu kilicho mbali, kama mti ulio nje ya dirisha, kwa sekunde 20 au zaidi.

La pili ni kubwa zaidi. Watoto wanaokaa ndani muda mrefu, macho yakiwa karibu na kitabu au kioo, huwa katika hatari zaidi ya kuona vizuri vya karibu na kutoona vya mbali. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo hilo walikuwa kama 30 kwa kila 100, na katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikuwa karibu 40 kwa kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Somo ni rahisi: mwanga wa nje hulinda macho ya mtoto. Hapa kwetu jua ni bure. Tatizo ni pale mtoto asipotoka kulipokea.

USINGIZI NDIO WA KUCHUNGWA ZAIDI

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu. Kama mtoto wako anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule, basi ili apate saa tisa ni lazima awe amelala saa mbili usiku. Watoto wangapi hufanya hivyo hata bila gemu?

Mashine ya mkononi huingia kitandani kwa urahisi. Runinga iko sebuleni na sauti yake unaisikia. Mashine hii hufichwa chini ya blanketi, sauti ikazimwa, na mzazi akadhani mtoto amelala. Asubuhi utaona mtoto mzito, mkali na asiyetaka chai. Mwalimu atakuambia anasinzia darasani. Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe, maana ukimkata atajifunza. Lakini usingizi uliopotea haumtoi mtoto damu, na yeye mwenyewe hajui kwamba ameumia. Hapa mzazi ndiye wa kumwonea.

MWILI UNATAKA KUKIMBIA

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kucheza au kufanya kazi inayomfanya atweta. Kati, brikicho, blada, mpira wa makaratasi, kuteka maji, kwenda shule kwa miguu: yote hayo yanahesabiwa. Kwa watoto wadogo, shirika hilo lilishauri mwaka 2019 kwamba aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Mtoto akiinama juu ya mashine kwa muda mrefu, shingo na mabega humuuma. Kano za kidole gumba nazo huchoka kwa kubonyeza. Nintendo wenyewe hushauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kila saa moja, hata kama mchezaji hajioni amechoka.

Tunajua kwamba mitaa mingi haina uwanja tena, na mzazi anayefika nyumbani saa mbili usiku huona afadhali mtoto afungiwe ndani na gemu kuliko azurure barabarani. Hilo ni jambo la kweli na hatutamlaumu mzazi huyo. Lakini kabla ya kununua, uliza kama kuna jirani, shangazi, uwanja wa kanisa au msikiti, au shule iliyo karibu, ambako mtoto anaweza kukimbia hata siku tatu kwa wiki mtu mzima akiwaangalia.

MTOTO MWENYE KIFAFA

Baadhi ya watu wenye kifafa hushikwa wakiona mwanga unaowaka na kuzima kwa haraka. Si wengi, kama watatu kwa kila watu 100 wenye kifafa, lakini hali hii huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Mwezi Desemba 1997 huko Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu ukimetameta. Gemu nyingine zina mwanga wa namna hiyo, na ndiyo sababu onyo la kifafa huandikwa kwenye maagizo ya mashine.

Kama mtoto wako aliwahi kushikwa na kifafa, au hupotelewa na fahamu kwa muda mfupi, zungumza na daktari kwanza. Na mtoto yeyote akishikwa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na usitie kijiko wala kidole mdomoni mwake. Tazama saa. Ikipita dakika tano bila kuacha, mkimbize hospitalini. Na povu la mdomoni haliambukizi ugonjwa. Mshike bila woga.

JE, ATAKUWA MTUMWA WA GEMU?

Tangu Januari 2022, ugonjwa wa kushindwa kujizuia kucheza gemu umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Lakini usimwite mgonjwa kila mtoto anayelia ukimnyang'anya. Dalili ni tatu: hawezi kujizuia, gemu imekuwa mbele ya kula, kusoma na marafiki, na anaendelea hata anapoona inamwumiza. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi ndipo daktari huita ugonjwa. Wengi wanaocheza hawafiki huko.

Gemu pia ina mazuri yake. Humfundisha mtoto kujaribu tena anaposhindwa, na humliwaza aliyelazwa hospitalini au asiyeweza kukimbia na wenzake. Ndugu wakicheza kwa zamu hucheka pamoja. Na mashine isiyo na intaneti wakati mwingine ni afadhali kuliko simu, kwa sababu mgeni hawezi kumwandikia mtoto humo, wala matangazo hayamfikii.

ANGALIA BETRI

Ukinunua ya mitumba, itazame nyuma. Kama mfuniko umeinuka, betri huenda imevimba, na hiyo inaweza kuwaka moto. Usiichukue. Mtoto asichaji mashine chini ya mto wala kwenye godoro. Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani, jihadhari sana na zile betri ndogo za mviringo kama kifungo. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Usingoje aitoe, na usimtapishe. Nenda hospitalini saa hiyo hiyo.

KABLA YA KUTOA PESA

Tuseme una mtoto wa miaka tisa, na umeweka akiba ya gemu ya Krismasi. Lakini umeona muhula huu kwamba hukunja macho akisoma ubaoni, na alama zake zimeshuka. Hapo pesa ya kwanza ni ya kumpima macho na, ikihitajika, kumnunulia miwani. Mtoto hatakushukuru siku hiyo. Huenda akanuna wiki nzima. Lakini mtoto asiyeona ubao huitwa mjinga bure, na akianza kuliamini jina hilo, kulifuta ni kazi ndefu.

Basi jiulize maswali haya matano:

1. Je, karo, chakula na matibabu vimetosha bila pesa hii?
2. Je, mtoto analala vya kutosha sasa, kabla gemu haijaingia nyumbani?
3. Je, ana nafasi ya kukimbia nje karibu kila siku?
4. Je, kuna mtu mzima atakayekuwapo kusema "basi, imetosha"?
5. Je, ana umri unaofaa? Gemu nyingi zina nambari kwenye kasha, kama 3, 7, 12, 16 au 18. Nambari hiyo inaonyesha umri ambao yaliyomo yanamfaa, haisemi ugumu wa mchezo.

Kama majibu ni ndiyo, unaweza kununua na moyo wako ukatulia. Kama mengi ni la, ngoja. Mwambie mtoto sababu kwa upole na kwa ukweli, usimwambie "tutaona" mwaka mzima.

Ukiamua kununua, mfanye makubaliano kabla ya kasha kufunguliwa, kwa maana baadaye ni vigumu. Kazi ya shule na kazi za nyumbani kwanza. Muda ujulikane, na mwonye dakika kumi kabla ya kuisha ili amalize raundi yake. Mashine izimwe saa moja kabla ya kulala, na ilale chumbani kwako, si kwake. Wakati wa kula hakuna gemu, na wewe mzazi uiweke simu yako kando vilevile. Ndugu wote wacheze, wasichana na wavulana. Kama mashine ina intaneti, weka kufuli ya mzazi, na usimpe mtoto kadi ya benki wala namba yako ya siri. Na mara moja moja keti ucheze naye. Utajua anachocheza, naye atafurahi kukushinda.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Gemu si sumu, wala si lazima. Mtoto anahitaji kwanza usingizi, jua, kukimbia, chakula na mtu wa kuzungumza naye. Gemu ikipata nafasi baada ya hayo, haina neno. Ikichukua nafasi ya hayo, ni ghali hata ukipewa bure. Ukiona macho yanamsumbua, kichwa kinamuuma mara kwa mara, au amejitenga na watu, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Kinga ni bora kuliko tiba.