Anatembea, Lakini Anafika?
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kangemi na Kawangware)



Leo tumekuja na kamba tu. Tunataka tuongee juu ya wenzetu waliopatwa na kiharusi, ile watu huita stroki, wakatibiwa na kurudi nyumbani. Mgonjwa akianza kutembea uani sisi husema, "Asante Mungu, amepona!" Halafu kila mtu anarudi kwa kazi yake. Hapo ndipo tulipokosea.

Mzee mmoja wa kikundi chetu alikuwa akizunguka nyumba kwa fimbo. Tulimpigia makofi. Siku moja akapanda matatu peke yake kwenda mjini kushughulikia karatasi zake. Alipokuwa akivuka Moi Avenue magari yakaachiliwa angali katikati. Kijana mchuuzi ndiye aliyemshika mkono akamtoa. Mzee alirudi akakaa ndani wiki tatu, hataki hata kwenda dukani.

Tulijiuliza: kwa nini hatukujua? Ni kwa sababu tuliangalia kama anatembea, hatukupima mwendo wake.

Kupima si kazi ngumu. Tafuteni mahali tambarare, pasipo na matope. Pimeni mita 14 kwa kamba, mtie alama kwenye mita 2 na kwenye mita 12. Mgonjwa aanzie mwanzo wa kamba, atembee kama kawaida yake hadi mwisho. Hesabuni sekunde kwa simu tangu apite alama ya kwanza hadi ya pili, yaani mita 10. Zile mita 2 za mwanzo ni za kushika mwendo, na za mwisho ni za kupunguza. Mtu mmoja amfuate karibu, upande ule dhaifu, lakini asimvute. Fimbo na viatu viwe vilevile kila mara. Rudieni mara tatu akipumzika, kisha mpate wastani, na mwandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Sasa hizo sekunde zinasema nini? Mwaka 1995 Jacquelin Perry wa Marekani na wenzake waliwagawa wagonjwa wa kiharusi kwa mwendo wao. Anayetumia zaidi ya sekunde 25 kwa mita 10, mwendo wake ni wa nyumbani. Wa sekunde 25 hadi 12 na nusu anaweza kutoka, lakini kwa shida. Anayetumia chini ya hapo anaweza kutembea mtaani vizuri zaidi. Hiki ni kipimo cha kutuongoza, si hukumu ya mtu.

Mzee wetu tulipompima alitumia sekunde 29. Wahandisi wengi wa taa za barabarani huhesabu kwamba mtu huvuka mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 basi ni sekunde 10. Mzee angehitaji karibu 35! Hakuwa mzembe. Ni sisi tuliomwacha aende kabla ya wakati.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akampa mazoezi: kusimama kutoka kitini, kuhamisha uzito kwenye mguu dhaifu, kupanda ngazi moja akishikilia. Kikundi kiligawana siku, na nauli ikatoka kwa mchango wetu. Kila wiki mbili tulipima: 27, 24, tukarudi 25, halafu 21. Ile 25 ilimvunja moyo, lakini daftari lilimwonyesha alikotoka. Baada ya miezi minne alifika 16.

Onyo moja. Mwendo ukishuka kwa ghafla, au mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakimponyoka, wacheni kamba. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msingoje kesho. Na dawa za presha asiache kwa sababu anajisikia vizuri.

Leo mzee huenda dukani na kanisani peke yake. Mjini bado huenda na mtu, na haoni aibu, kwa maana anajua hesabu yake.

Basi kila kikundi kinunue kamba na daftari. Kabla hamjaondoka, tuambieni: ni nani katika mtaa wenu amekaa ndani, nanyi mnasema amepona?