Fidia ya Ajali na Haki ya Aliyelipia Matibabu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad. Ama baada.

Ndugu Waislamu, kila apandaye njia ya Bugarama huwaona vijana wa baisikeli walioshika nyuma ya malori, roho zao mikononi. Ajali ikishatokea na majeruhi akapona, huja swali ambalo wengi hawalifikiri mpaka liwafike: fedha za fidia ni za nani?

Nchini Burundi sheria humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa atakaowadhuru. Lakini fidia huchelewa, wala jeraha halingoji. Mtumishi wa serikali hutibiwa kwa msaada wa Mutuelle de la Fonction Publique, mfuko ulioanzishwa mwaka 1980, naye hujilipia sehemu tu ya gharama. Ama bima ya gari ikilipa baadaye, aliyelipia matibabu aweza kudai alichotoa. Wako waonao kuwa huo ni udhalimu. La, si udhalimu: aliyelipa deni lililompasa mwingine hushika mahali pa mwenye kudai. Kanuni hiyo imo katika sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804. Wabelgiji waliifuata, na kwa njia yao ikafika Burundi.

Bali haki hiyo ina mpaka. Ichukuliwe mfano: matibabu yamegharimu faranga 1,000,000, mfuko umetoa 800,000, na mgonjwa 200,000. Bima ya gari yatoa 3,000,000: 1,000,000 kwa matibabu, na 2,000,000 kwa maumivu, kilema na mshahara uliokosekana. Mfuko una haki ya 800,000 zake, basi. Zilizosalia ni za majeruhi. Akizificha zile 800,000 amelipwa mara mbili kwa dawa moja, na hiyo ni kula mali ya wenziwe waliochangia. Na mfuko ukigusa zile 2,000,000 umemdhulumu, kwani ulilipia dawa, haukulipia mguu.

Wanavyuoni nao wamepambanua hivyo. Diya ya kuua kwa makosa, iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, hukabidhiwa jamaa wa marehemu, na wao ndio wenye hiari ya kusamehe. Hayo ni malipo ya nafsi, wala si ya dawa.

Hatari kubwa i katika karatasi. Mtu hupewa hati yenye jumla moja tu, isiyoeleza kipi ni cha nini, akatia kidole kwa kuwa watoto wana njaa. Siku mfuko udaipo, hana la kuonyesha. Qur'ani imeamrisha deni la muda liandikwe. Basi na fidia iandikwe, kila fungu mbali. Kabla ya kutia sahihi, majeruhi na asomewe hati na mtu mwaminifu, aulize mfuko wadai kiasi gani, na azihifadhi stakabadhi zote za hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye majeruhi, awape mayatima haki yao, na awaepushe watu na mali isiyokuwa yao. Amin.